Ukilipa pa bariere ya wenye bunduki, umekuwa gaidi?

Sheria ya Kongo inatenganisha mtu anayesaidia kwa kupenda na mtu anayelazimishwa. Lakini kati ya maandishi ya sheria na mlango wa kasho kuna njia ndefu. Tunaeleza hapa sheria inasema nini, na mambo ambayo mchimbaji na familia yake wanapaswa kuyashika mbele shida haijafika.

Kuna swali moja linalozunguka kwenye karieri, kwenye restora za bamama na kwenye parkingi za pikipiki, lakini watu wanaliuliza kwa sauti ya chini: «Bale ba mu pori bakinikamata, nikibapa dahabu yangu juu nisikufe, Leta itanifunga sawa mutu wabo?»

Si swali la bure. Pande za Beni, Lubero, Mambasa na Irumu, wachimbaji wa dahabu wanafanya kazi katika pori lilelile ambamo ADF wanatembea. Kikundi hiki kilianzia Uganda katika miaka ya 1990, kikavuka Rwenzori, kikaota mizizi kwetu. Tangu 2019, Dola la Kiislamu linatangaza mashambulizi yake kama kazi yake lenyewe. Mwezi wa tatu 2021, Marekani ikakiandika kwenye liste yake ya mashirika ya kigaidi ya nchi za kigeni. Na katika usiku wa kuamkia tarehe 27 mwezi wa saba 2025, pale Komanda, watu zaidi ya 40 waliuawa, wengi wao wakiwa kwenye kesha la sala kanisani.

Baada ya kila shambulizi, jeshi linapita na kuuliza: nani aliwapa chakula? Nani aliwaonyesha njia? Nani alinunua dahabu yao? Mchimbaji anabakia na woga mara mbili. Usiku anaogopa panga, asubuhi anaogopa kasho. Ndiyo maana tumefungua vitabu vya sheria na kuvisoma pamoja na ninyi.

Ugaidi ni tendo, si sura ya mtu

Sheria inayotumika zaidi ni Kode penali ya kijeshi, ile ya tarehe 18 mwezi wa kumi na moja 2002. Inaongea juu ya ugaidi kuanzia kifungu cha 157. Haianzi na dini ya mtu, wala kabila, wala ndevu, wala lugha anayosema. Inaanza na tendo: kuua, kujeruhi, kuteka watu, kuiba, kunyang'anya kwa nguvu, kuharibu mali, kutengeneza ao kuweka vilipuzi. Halafu inaongeza jambo la pili: tendo hilo liwe ndani ya mpango wa mtu mmoja ao wa kikundi, wenye nia ya kuvuruga sana usalama wa watu kwa kuwatia hofu.

Mambo hayo mawili yanaenda pamoja. Kijana anayeingia usiku kwenye shimo la mwenzake na kuiba gunia la mchanga ni mwizi, sheria ya wizi inamtosha. Lakini wanaochoma karieri nzima na kukata watu ili vijiji vyote vya jirani vikimbie, hao wana nia nyingine. Ni nia hiyo inayogeuza uovu wa kawaida kuwa ugaidi.

Tunajua mtu atauliza: mimi ni raia, kode ya kijeshi inanihusu nini? Jibu liko katika Katiba, kifungu cha 156. Wakati wa vita ao wa hali ya dharura ya kijeshi, ile etat de siège, Rais anaweza kuzitoa kesi za jinai mikononi mwa tribinali za kiraia na kuzipa tribinali za kijeshi. Ndivyo ilivyofanyika Ituri na Kivu ya Kaskazini tangu tarehe 6 mwezi wa tano 2021. Raia wengi wamesimama mbele ya juji mwenye mavazi ya jeshi. Lakini kifungu hichohicho kinasema: haki ya kukata rufaa haiwezi kusimamishwa. Shikeni neno hilo, tutalirudia.

Majina matatu unayoweza kusikia pa parke

Watu wetu wanasema tu «kesi ya ADF». Parke haisemi vile. Inatumia majina matatu, na kila jina lina adhabu yake.

La kwanza ni ugaidi wenyewe, tuliouona.

La pili ni kushiriki katika mouvement insurrectionnel, yaani uasi. Kode ya kijeshi inauelezea kuanzia kifungu cha 136: ni fujo ya watu wengi inayotia hatarini mamlaka ya nchi ao inayotaka kukata nchi vipande.

La tatu ni la zamani zaidi, na ndilo linalobeba watu wengi: association de malfaiteurs, kundi la watenda maovu. Liko katika Kode penali ya kawaida, kifungu cha 156 mpaka 158. Hapa sheria ni kali sana. Kundi likishaundwa kwa nia ya kushambulia watu ao mali, kosa limekwisha kuwapo, hata kama hawajampiga mtu kofi. Wakubwa wa kundi wanahukumiwa kifo. Memba wa kawaida vilevile. Na vilevile mtu anayewapa silaha, risasi ao vyombo vya kufanyia uovu, akijua na akitaka.

Kwa majina yote matatu, adhabu inaweza kufika mpaka kifo. Tangu 2003 Kongo haikuwa inatekeleza adhabu hiyo. Waliohukumiwa kifo walikuwa wanabakia gerezani. Lakini tarehe 13 mwezi wa tatu 2024, Minisitiri wa Sheria alitoa sirkuleri ya kuondoa kizuizi hicho. Hatusemi hivyo kwa kutisha watu. Tunasema ili kila mtu ajue kwamba neno «complice» likiandikwa kwenye PV, si mchezo.

Jina la kosa lina uzito kuliko kelele ya redio. Mwezi wa tano 2022, serikali ilitangaza M23 kuwa kikundi cha kigaidi. Lakini tarehe 8 mwezi wa nane 2024, tribinali ya kijeshi pale Kinshasa ilipomhukumu Corneille Nangaa na wenzake adhabu ya kifo, makosa yaliyosomwa yalikuwa uasi, makosa ya vita na uhaini. Kwa hiyo ukishtakiwa, ao ndugu yako akishtakiwa, ulizo la kwanza si «wanamuita nani?» bali «ni kifungu gani?».

Kujua na kutaka

Sasa tunafika pa moyo wa swali. Katika kile kifungu cha 158 kuna maneno mawili ya Kifaransa ambayo kila familia ya mchimbaji ingefaa kuyashika kwa kichwa: sciemment et volontairement. Maana yake: kwa kujua na kwa kutaka. Mtu aliyetoa bila kujua hakufanya kosa hilo. Mtu aliyejua lakini alishurutishwa na bunduki, naye hakutaka.

Sheria inamtazama pia complice, msaidizi. Kifungu cha 22 cha kitabu cha kwanza kinamhesabu kuwa msaidizi mtu ambaye, akijua mwenendo wa wabaya, anawapa mara kwa mara pa kulala, pa kujificha ao pa kukutania. Angalieni: akijua, tena mara kwa mara. Na kifungu cha 23 kinasema msaidizi hapati adhabu sawa na mtenda. Kama mtenda anapaswa kifo ao kifungo cha maisha, msaidizi anapata miaka 10 mpaka 20.

Tuyapime maneno hayo kwa maisha yetu ya kila siku.

Mchimbaji pa bariere. Wenye bunduki wanasimama njiani na kudai gramu ao franka. Anatoa, anapita. Huyo ni mtu aliyenyang'anywa, si msaidizi. Lakini juji ataangalia mambo matatu: hatari ilikuwa ya kweli na ya papo hapo? Kulikuwa na njia nyingine ya kupita? Alitoa kile tu walichodai, ao aliongeza? Tuseme sasa PDG wa shimo anawakusanyia wenye bunduki jeto za kila juma kutoka kwa wachimbaji wake, na sehemu inabakia mfukoni mwake. Hapo hawezi tena kusema alilazimishwa. Amekuwa mtoza kodi wao.

Mama wa restora. Wanaume sita wanakuja, wanakula foufou na sombe, wanalipa, wanaenda. Kesho yake anasikia ni watu wa pori. Hakujua, basi hakuna kosa. Lakini kama amejua, na anaendelea kuwapikia, kuwalaza chumba cha nyuma na kuwaambia basoda wamepita saa ngapi, kifungu cha 22 kinamwangalia.

Taximan wa pikipiki. Anapewa mzigo wa batri, buti na dawa, apeleke mahali ambapo hakuna kijiji. Anasema: «Mi nilibeba tu muzigo.» Juji atauliza: bei ilikuwa mara tatu ya kawaida? Ulipita usiku? Ulizunguka kambi ya jeshi makusudi? Mtu anayefumba macho ili asione si sawa na kipofu.

Mnunuzi wa dahabu. Kwake kuna sheria nyingine, ile ya tarehe 27 mwezi wa kumi na mbili 2022 juu ya kupambana na fedha chafu na malipo kwa magaidi. Kufwatana na mkataba wa Umoja wa Mataifa wa 1999, ambao Kongo imeingia, kutoa ao kukusanya mali ukijua itaenda kwa magaidi ni kosa kamili, hata kama mali hiyo haijanunua risasi hata moja. Wauza na wanunuzi wa madini ya thamani wanapaswa kujua wanashughulika na nani, na mambo ya kushuku yanapelekwa CENAREF, kitengo cha Leta kinachofuatilia fedha. Tangu mwezi wa kumi 2022 Kongo iko kwenye liste ya nchi zinazoangaliwa kwa karibu juu ya mambo hayo. Tusitegemee basi kwamba jicho litafumbwa. Kununua kwa bei ya chini dahabu ya karieri iliyoandikwa alama nyekundu, bila ulizo wala karatasi, ni kujitafutia ulizo gumu kesho.

Mzazi. Mtoto ametekwa, simu inalia, wanataka dola. Mwaka 2014, kwa azimio namba 2133, Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa liliomba nchi zote zizuie magaidi wasipate faida ya fedha za kukomboa watu. Ni ombi kwa mataifa. Baba anayeuza mbuzi wake wote ili mwanawe asichinjwe, analipa kwa sababu ya kisu kilicho shingoni mwa mtoto, na avoka wake atalisema hilo kwa nguvu. Lakini asilipe kimya kimya. Mtu wa kijiji ajue, shefu ajue, na kadiri inavyowezekana uongozi ujue, ili kesho malipo hayo yasifanane na biashara.

Wakubwa nao wameulizwa

Wengine wanafikiri mambo haya ni ya wadogo tu. Hapana. Kampuni ya Chiquita ya Marekani, ya kuuza ndizi, ililipa kikundi chenye silaha cha Kolombia, AUC, zaidi ya dola milioni 1.7 kati ya 1997 na 2004. Marekani ilikuwa imeandika AUC kuwa shirika la kigaidi tangu 2001. Kampuni ilisema ililipa ili kulinda wafanyakazi wake. Mwaka 2007 ilikubali kosa na kutozwa dola milioni 25.

Lafarge, kampuni ya simenti ya Ufaransa, ilikuwa na usine yake kaskazini ya Siria. Mwaka 2013 na 2014, vita ikiwa imewaka, ililipa vikundi viwili vya kigaidi, kimoja chao Dola la Kiislamu, ili magari yake yapite na usine isizimike. Mwezi wa kumi 2022 ilikubali kosa mbele ya tribinali pale New York, na kulipa dola milioni 778.

Kwa nini tunaleta habari za mbali hivyo? Kwa sababu zinaonyesha mpaka uko wapi. Kampuni hizo nazo zilikuwa na woga. Lakini zilikuwa na mlango wa kutokea: zingeweza kufunga kazi na kuondoa watu wao. Zilibakia kwa sababu ya faida, zikalipa kwa mpango, mwezi kwa mwezi. Mchimbaji aliyesimamishwa porini saa moja ya jioni hana mlango huo. Lakini akirudi kila juma mahali palepale, akilipa kila juma watu walewale, akihesabu malipo hayo kama gharama ya kazi sawa na mafuta ya motopompe, basi naye taratibu anaanza kufanana na kampuni. Ni neno gumu, tunajua. Njaa ya watoto haisomi kode. Lakini ni heri tuliseme sisi hapa kuliko uliambiwe na juji.

Ukikamatwa

Katiba haijafungwa kabatini kwa sababu ya vita. Kifungu cha 17 kinasema kila mtu anahesabiwa kuwa hana kosa mpaka hukumu ya mwisho itoke, na kwamba hakuna anayeweza kukamatwa kwa sababu ya tendo la mwingine. Maana yake, mke wa mtu aliyeingia porini hawezi kufungwa mahali pa mumewe. Mama vilevile hafungwi mahali pa mwanawe.

Kifungu cha 18 kinasema mtu aliyekamatwa anaelezwa palepale sababu, kwa lugha anayoielewa. Kiswahili ni moja ya lugha nne za taifa. Usione haya kusema: «Sielewi Kifaransa, munielezee mu Kiswahili.» Kina haki nyingine pia: kuonana mara moja na familia ao na avoka, na kutokaa kasho zaidi ya saa 48 bila kupelekwa mbele ya mwenye mamlaka ya sheria. Tunajua saa hizo hazihesabiwi sawasawa kila mahali. Lakini familia inayohesabu, inayoandika siku na saa ya kukamatwa na jina la kambi, ina silaha mkononi. Familia inayokaa nyumbani ikilia haina.

Usiweke sahihi wala kidole kwenye PV ambayo haujasomewa kwa lugha yako. Ukiulizwa, sema yaliyotokea kwa utaratibu: siku gani, wangapi, walisema nini, walichukua nini, ulimwambia nani. Mtu aliyemweleza shefu wa kijiji ao mkubwa wa kooperative siku ileile amejitengenezea shahidi. Aliyenyamaza miezi sita atapata kazi kueleza kwa nini. Hatusemi kila mtu akimbie kambini akionekana na macho yote. Wote tunajua wanaofanyiwa kisasi. Lakini mwambie mtu mmoja wa kuaminika mwenye cheo, na ukumbuke tarehe.

Tena, tembea na karte yako ya mchimbaji. Tangu Kode ya migodi ilipogeuzwa tarehe 9 mwezi wa tatu 2018, mchimbaji wa mikono anapaswa kuwa na karte na kuwa ndani ya kooperative iliyokubaliwa. Wengi wanaona ni karatasi ya kulipisha watu tu. Lakini siku jeshi linapokukuta porini, karte hiyo ndiyo inayosema wewe ni nani mbele haujafungua kinywa. Na hukumu ikitoka mbaya, kumbukeni rufaa. Muulize avoka siku ngapi zimebaki, na muulize siku ileile.

Mtoto aliyetoka porini

Wapo watoto waliotekwa, wakabebeshwa mizigo, wakapewa panga. Siku wanaporudi, kijiji kinawaangalia kama nyoka. Sheria ya kulinda mtoto, ya tarehe 10 mwezi wa kwanza 2009, inasema kinyume: anayemwingiza mtoto katika kikundi chenye silaha ndiye mwenye kosa, na adhabu yake ni miaka 10 mpaka 20. Tena tribinali za kijeshi hazina mamlaka juu ya mtu aliye chini ya miaka 18. Kama ni kuhukumiwa, ni mbele ya tribinali ya watoto. Ndiyo maana karatasi ya kuzaliwa, hata ya ubatizo, ina thamani kuliko dahabu siku hiyo. Mzazi, itafute mbele ya shida.

Neno hili si fimbo

Tumalize na jambo linalotuuma. Kwenye karieri watu wanagombania shimo, deni, mwanamke, na siku hizi neno la kumalizia ugomvi limekuwa: «Ule ni mutu wa ADF.» Neno hilo moja linatosha kumpeleka mtu kasho, ao kumfanya achomwe na vijana mbele ya kufika kasho. Kupeleka kwa wakubwa mashtaka ya uwongo juu ya mtu ni kosa katika Kode penali yetu, lina jela yake. Na mbali na jela, kuna hasara kubwa zaidi: siku gaidi wa kweli atakapopita, hakuna atakayeamini kelele yetu.

Kwa hiyo, kwa yule aliyeuliza kwa sauti ya chini, jibu letu ni hili kwa sauti ya juu. Hapana, ndugu yetu, kunyang'anywa hakukufanyi gaidi. Kinachomfanya mtu kuwa wao ni kujua na kutaka. Lakini usingoje siku ya kesi kuonyesha kwamba haukutaka. Onyesha leo, kwa kusema mapema, kwa kuwa na karatasi zako, na kwa kukataa faida ndogo inayotoka mkononi mwa wale wanaotuua.